Kuonyana Bila Kudharauliana

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka pande za Malindi, Magarini na Ganze. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili hata vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome.)

Nawasalimu mama zangu mliotoka mbali na watoto mgongoni, nawasalimu wazee wangu, nawasalimu na nyinyi vijana mliosimama pale nyuma ingawa viti bado vipo. Najua wengine wenu mmeacha shamba linangoja jembe, kwa hivyo sitawaweka hapa mpaka jua lichwe.

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kuonyana. Anasema vikundi vingi havifi kwa kukosa pesa. Vinakufa siku mtu mmoja anaposimama kumrekebisha mwenzake mbele ya watu, na yule mwenzake akaenda zake asirudi tena. Nakubaliana naye. Shilingi ikipotea hutafutwa nyingine. Lakini neno likishatoka mdomoni, nani atalikimbilia njiani alirudishe?

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi kina wanachama 22. Kila Jumanne kila mmoja anatoa shilingi 200, kwa hivyo siku hiyo sandukuni mnatakiwa kuwa na shilingi 4,400. Leo daftari linasema 4,400, lakini pesa zikihesabiwa ni 3,800. Mama mweka hazina ameketi papo hapo. Mtu wa kwanza kuinuka anasema, "Sisi tulijua tangu mwanzo. Mtu wa mji ule hawezi kushika pesa za watu!"

Sasa angalieni alichofanya. Hakuuliza zile shilingi 600 zimekwenda wapi. Amemhukumu mama, na katika neno lilo hilo amemhukumu mumewe, wakwe zake, na watoto wake ambao bado wanasoma darasa la pili. Halafu wiki ijayo inajulikana kwamba wanachama watatu hawakulipa siku ile, ila katibu kwa haraka aliwatia alama ya kulipa. Tatu mara mia mbili, mia sita. Hesabu imesimama sawa. Lakini mama je? Mtamwendea mkamwambie, "Samahani, rudi"? Atarudi na mwili tu. Moyo umebaki nyumbani.

Nawaomba kwanza tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu ina maneno mengi ya kumwambia mtu kosa lake, na kila moja lina uzito wake. Kuna kukosoa, kuna kukaripia, kuna kukemea. Kuna kusuta, ambako unamfuata mtu mbele ya watu umtolee aibu yake uwanjani. Kuna kusimanga, ambako unamkumbusha mtu mema uliyomtendea mpaka chakula ulichompa kimgeukie uchungu tumboni. Halafu kuna kuonya. Sikilizeni vizuri: kuona, kuonya. Ni neno moja na ndugu yake. Anayeonya anamfanya mwenzake aone. Ukimaliza kusema na yule mtu bado haoni kitu ila hasira yako, basi hukuonya. Umekaripia tu, ama umesuta, hata kama ulikuwa umeshika Biblia mkononi.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anatumwa kwa mfalme Daudi. Kosa la Daudi lilikuwa kubwa: alichukua mke wa mtu na akapanga yule mume auawe vitani. Nathani hakuingia na kidole mbele. Alileta kesi ya tajiri mwenye mifugo mingi na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, na tajiri akamnyang'anya maskini kale kamoja. Daudi mwenyewe ndiye aliyekasirika, na ndiye aliyetoa hukumu. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Kwa wakati huo Daudi alikuwa ameshaona. Watu wa Pwani tunaijua njia hii. Wazee wetu wakitaka kumwambia mtu jambo zito hawaanzi na jambo lenyewe. Wanaanza na mvua, na mbuzi, na habari ya safari, wanazunguka wee, mpaka mwenyewe anajua ameitiwa nini. Vijana wa siku hizi wanasema huko ni kupoteza wakati. Mimi naona ni kumpa mtu nafasi ya kujivua kosa kwa mkono wake mwenyewe.

Na katika Matendo ya Mitume sura ya 18 kuna Prisila na Akila, mke na mume, fundi wa mahema. Walimsikia Apolo akihubiri. Alikuwa msemaji hodari, lakini mafundisho yake yalipungua mahali. Hawakusimama katikati ya mahubiri. Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye Apolo, msomi mkubwa, akakubali kufundishwa na mafundi wa mahema, mmoja wao akiwa mwanamke. Akina mama, hiyo sura isomeni kwenye vikundi vyenu. Akina baba, nyinyi isomeni mara mbili.

Sasa niwalete hapa nyumbani. Pale Malindi mjini, karibu na bahari, kuna kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti. Watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Mwaka 1542 padre Francis Xavier alipita Malindi akiwa safarini kwenda Goa, huko India. Mtu mmoja wa merikebu yao alikuwa amekufa, wakamzika hapa. Xavier aliandika katika barua kwamba Waislamu wa Malindi waliona vile Wakristo wanavyozika wafu wao, wakapendezwa. Wekeni hilo akilini: kabla ya hoja yoyote kutoka mdomoni, tendo la heshima kwa maiti lilikuwa limeshasema.

Halafu mzee mmoja wa mji, Mwislamu mwenye kuheshimiwa, alimwendea Xavier na swali. Alimweleza kwamba Malindi ina misikiti 17, lakini watu wanasali katika mitatu tu. Jambo hilo lilimhuzunisha, akataka kujua kama kwa Wakristo pia ibada imepungua namna hiyo. Hebu mfikirieni mzee huyo. Amemwendea mgeni, mtu wa dini nyingine, akamfunulia udhaifu wa watu wake mwenyewe. Huo ulikuwa mlango wazi kabisa. Xavier alimjibu kwamba Mungu hakai na wasioamini wala hapendezwi na sala zao, na ndiyo maana sala hizo zimepungua. Walizungumza sana, na mwisho, kama Xavier mwenyewe anavyoandika, waliachana kila mmoja na maoni yake.

Francis Xavier ni mtakatifu wa Kanisa Katoliki, na mimi simvui utakatifu wake. Alikuwa mtu wa wakati wake, na aliyafanya mengi ambayo mimi na wewe hatuwezi. Lakini swali la mzee lilitoka kwa huzuni, na jibu lilitoka kwa hukumu. Je, mnadhani kama angalimwambia, "Mzee wangu, hata kwetu Ulaya makanisa mengine ni matupu, na inaniuma kama inavyokuuma wewe," mazungumzo yangalikwishia pale? Mimi sijui yangalifika wapi. Najua tu kwamba mtu akikufungulia mlango wa nyumba yake, huanzi kwa kumwambia nyumba inanuka.

Miaka mia tatu baadaye alikuja Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Katika majonzi hayo aliendelea na kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na nani alimsaidia? Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Yaani mtu aliyekuja kuwafundisha watu wa Pwani Neno la Mungu, ilimbidi kwanza akae kama mwanafunzi mbele ya kadhi, arekebishwe: hapa hatusemi hivi, tunasema hivi. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfuata, wakaweka kituo chao Rabai. Rebmann alikaa mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa karibu kipofu. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, mgonjwa wa kufa. Sisemi wamisionari hao hawakuwa na kiburi. Waliandika maneno makali juu ya babu zetu, na baadhi ya maneno hayo ukiyasoma leo utayafunga macho. Lakini waliobaki katika mioyo ya Wamijikenda hawakubaki kwa ukali wa maneno. Walibaki kwa kukaa.

Wacha sasa nifike mahali penye maumivu, maana tukizungumza unyenyekevu juu juu tutakuwa tumekula chakula cha vikundi bure.

Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wanauawa wakiitwa wachawi. Hili linajulikana Kenya nzima, na ni aibu yetu. Mzee akiota mvi, ambazo Biblia inazihesabu kuwa taji, anaanza kuogopa wajukuu wake. Wako wazee wanaozipaka rangi nywele zao nyeusi ili wasionekane wamezeeka. Wengine wamekimbia miji yao wakapata hifadhi Kaya Godoma huko Ganze, chini ya chama cha utamaduni kinachoitwa MADCA. Fikirieni: mtu aliyepanda minazi kwa mkono wake analala ugenini, na minazi inagemwa na waliomfukuza. Na mara nyingi ukichimba chini ya neno uchawi unakuta shamba. Mzee hataki kuuza, vijana wanataka kuuza, basi homa ya mtoto inapata jina la mtu.

Nimelileta hili katika mazungumzo ya kuonyana kwa sababu wale wanaomnyoshea mzee kidole wanaamini kwamba wao ndio wanaoonya! Wanasema wanasafisha mji. Wanasema wanaondoa uovu. Mtu mwenye kiburi cha kurekebisha hajioni kama muuaji, anajiona kama daktari. Ndiyo maana Bwana Yesu alitumia ule mfano wa kibanzi katika jicho la ndugu na boriti katika jicho lako. Mwenye boriti anataka kufanya kazi nzuri, kutoa kibanzi. Shida ni kwamba haoni, na ameshika kitu chenye ncha karibu na jicho la mtu.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ni ya mwaka 1925. Watu wengi wanajua inamshika mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi. Wachache wanajua kwamba inamshika pia mtu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa yule anayepeleka habari kwa polisi, kwa chifu au kwa mtawala. Yaani kule kusema tu matangani, "Huyu ndiye aliyemla marehemu," tayari ni kosa mbele ya sheria.

Sasa wewe Mkristo, mwanachama wa kikundi, utamwonyaje kijana anayesema babu yake ni mchawi? Nimewasikia wahubiri wanaosimama wakasema, "Nyinyi ni washenzi, mnaamini ujinga." Kijana anasikia kwamba ametukanwa yeye na ukoo wake wote. Anaondoka na lile wazo lake, tena sasa analo kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayotembea na panga usiku. Njia nyingine ni ndefu. Nenda ukalie naye msiba. Mtoto wake amekufa, na hakuna aliyempa sababu. Ukishakaa siku ya kwanza na ya pili, uliza: mtoto aliumwa nini? Alipelekwa hospitali lini? Alipimwa malaria? Uliza juu ya shamba bila kulitaja shamba. Na mtafute mjomba wake, au mtu wa utani wake, maana yuko mtu ambaye ulimi wake unaruhusiwa pale ambapo wako hauruhusiwi. Unyenyekevu mwingine ni kujua kwamba wa kusema si wewe.

Lakini ukisikia kwamba siku imepangwa, kwamba mzee ameshapewa barua ya vitisho au nyumba yake imezungukwa, hapo usikae kupanga maneno mazuri. Mtoe mzee kwanza. Mpeleke kwa chifu, kwa polisi, kwa kanisa, kokote penye mlango imara. Kuonya kutafuata baadaye.

Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna unyenyekevu wa uongo, na katika vijiji vyetu unapendwa sana. Mtoto wa kike wa miaka 13 ameharibiwa na jirani. Wazee wanaketi, mbuzi analetwa, mnazi unaletwa, wanasema "tumalizie nyumbani, sisi ni nani tuhukumu?" Wanatumia hata Mathayo 18, kwamba umwendee ndugu yako mkiwa wawili. Ndugu zangu, ile sura ya Mathayo 18 inaanza na mtoto mdogo! Bwana Yesu alimweka mtoto katikati, akasema anayemkosesha mmoja wa wadogo hao ingalikuwa heri afungwe jiwe la kusagia shingoni atupwe baharini. Hayo yamesemwa kabla ya yale ya kumwendea ndugu faraghani. Kumwonya mtu faraghani ni kwa kosa alilokukosea wewe. Aliyekosewa ni mtoto, na wewe huna ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake halafu ukala mbuzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ipo tangu mwaka 2006, na simu ya watoto ni 116, haina malipo. Iandikeni kwenye jalada la daftari la kikundi.

Paulo naye alimpinga Petro mbele ya watu wote, ipo katika Wagalatia sura ya 2. Petro alikuwa ameacha kula pamoja na watu wa mataifa mengine kwa kuwaogopa wengine, na kosa lake lilikuwa wazi na lilikuwa linawavuta wengi. Kosa la hadharani lilijibiwa hadharani. Kwa hivyo asije mtu akaniambia nimefundisha watu wanong'one.

Tena kuna Shakahola. Siwezi kuzungumza hapa nisitaje Shakahola, na najua wako kati yenu waliopoteza watu. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule, na miili iliyotolewa ilipita 400. Wengi walikuwa watoto. Mashtaka yanasema wafuasi waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake, na mwaka 2024 walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Walikana. Halafu mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, si mbali na pale.

Mimi nauliza swali la majirani, siulizi la mahakama. Watu hawa hawakutoka mwezini. Walikuwa na dada, walikuwa na shemeji, wengine walikuwa na kazi nzuri. Walianza kidogo kidogo: mtoto ametolewa shuleni, hospitali haitakiwi, vyombo vimeuzwa. Mtu wako akianza safari kama hiyo, wewe unafanya nini? Wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili. Tunacheka: "Fulani amerukwa na akili na dini yake." Au tunanyamaza tukisema kila mtu na imani yake. Kicheko kinamsukuma mbali, maana ameshaambiwa kwamba watu wa dunia watamcheka, na wewe umetimiza unabii. Kimya nacho kinamfungia mlango nyuma yake. Anayebaki karibu naye ni yule mhubiri peke yake.

Na hata baada ya kuokolewa, tuliona jambo la kujifunza. Wako manusura waliotolewa msituni wakakataa kula. Juni 2023, watu 65 kati yao walipelekwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilipinga. Naelewa, maofisa walikuwa na watu wanaokufa mbele yao na walitaka kuwaokoa. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba serikali ni adui wa Mungu, ukimweka kizimbani kwa sababu hali, umemwonyesha nini? Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji uji kidogo kidogo, daktari, na mtu anayemjua kwa jina la utotoni. Wanaorudi vijijini kwenu watahitaji hilo kwa miaka. Msiwaite "watu wa Shakahola" sokoni. Akija kwenye kikundi, mpe kiti na umwambie mchango ni kiasi gani, kama mwanachama mwingine yeyote.

Juu ya disco matanga sitasema mengi, kila mtu ameshasema. Ila hili: mkitaka kuwaonya vijana wasicheze usiku kucha matangani, kwanza tuulizane ni nani anayekodisha muziki. Ni watu wazima, na mara nyingine mfiwa mwenyewe anatafuta pesa za jeneza na za kulisha wageni. Kikundi kikiwa na mfuko wa mazishi, hata wa shilingi 50 kwa mwezi kila mtu, utakuwa umeondoa sababu, na onyo lako litakuwa na miguu. Lile onyo lisilo na mfuko naliogopa.

Mwisho, maana naona mpishi ananitazama. Mtaniuliza, je, na kumwonya mkubwa? Chifu, mchungaji, mwenyekiti, mheshimiwa wa wadi? Mara nyingi tunapohubiri unyenyekevu tunawahubiria wadogo, halafu mkubwa anafanya apendavyo na akiulizwa anasema mmekosa adabu. Hapana. Nathani alikwenda kwa mfalme. Heshima iko katika namna ya kwenda: nendeni wawili watatu, salimuni kwanza, ulizeni hali ya nyumbani, halafu mtoe daftari mkaonyeshe karatasi. Karatasi haipandishi sauti. Sema, "Baba, hapa tumeshindwa kuelewa, tusaidie." Akiwa msafi atawaelewesha. Akiwa si msafi, atajua mmeona.

Na wewe kiongozi, ukiletewa daftari namna hiyo usiulize kwanza nani amewatuma. Nawapa jaribio moja. Jiulize ni lini mara ya mwisho mwanachama wa kawaida, tuseme mama anayekaa nyuma asiyejua kusoma, alikuambia umekosea. Kama hukumbuki, usidhani ni kwa sababu hukosei. Wamekuogopa. Kikundi kinaweza kuweka dakika kumi mwisho wa mkutano, viongozi wakanyamaza kabisa, na yeyote akasema. Viongozi wasijibu siku hiyo. Wajibu mkutano ujao, hasira ikiwa imelala. Nimeona vikundi vikifanya hivyo na havikuvunjika, ingawa wiki ya kwanza na ya pili ilikuwa moto.

Sasa nawaomba tugawanyike makundi matatu kabla ya chakula. Watu wa Ganze chini ya mwembe, Magarini hapa ndani, Malindi kule barazani. Kila kundi lichukue ule mfano wa shilingi 600. Mmoja wenu awe mweka hazina, mmoja awe mwenyekiti, na mmoja awe yule mtu wa kwanza kuinuka. Semeni maneno yenyewe kama mtakavyoyasema Jumanne, kwa Kigiriama ama kwa Kiswahili. Anayekuwa mweka hazina ndiye atakayetuambia baadaye ni neno gani lilimfanya aone, na ni lipi lilimfanya atake kwenda nyumbani. Katibu ayaandike yote mawili.